Alama ya Kuzaliwa: Jina la Kitu na Swali la Watu

Makusudi ya makala haya ni kueleza maneno yatumiwayo katika Kiswahili kwa alama inayoonekana katika mwili wa mtoto tangu siku ya kuzaliwa kwake, na kuonyesha jinsi uchaguzi wa maneno hayo unavyowafariji au unavyowaumiza wazazi wake. Huenda jambo hili likadhaniwa kuwa dogo, la kuachiwa waganga na wakunga. Lakini mtoto mwenye baka jekundu shavuni, au mwenye waa jeusi kipajini, hutazamwa kabla hajasalimiwa, na mama yake huulizwa maswali kabla hajakaribishwa. Kinachompata mama huyo hupatikana kwa maneno, na hujibiwa kwa maneno. Kwa hiyo ni jambo la wanaisimu pia.

Mahali palipochukuliwa kuwa mfano ni Bigwa, upande wa mashariki wa mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Hapo huanzia barabara iendayo Kisaki kwa kupitia Mkuyuni na Matombo, na watu wa milimani hushuka kwa njia hiyo na ndizi na mboga zao kwenda mjini. Kiluguru husemwa nyumbani na shambani. Kiswahili husemwa sokoni, shuleni na kliniki. Kwa sababu hiyo mama mwenye mtoto mchanga mgongoni hukutana kila siku na watu wasiomjua, nao humsemesha kwa Kiswahili. Kiswahili ndicho atakachoulizwa kwacho, na ndicho atakachojibu kwacho.

Maneno yaliyopo

Kiswahili hakikosi maneno ya alama za mwilini. Yaliyoenea zaidi ni baka, bato, waa, doa, paku na kipaku, kovu, chale, nembo, chapa, na neno alama lenyewe. Kamusi huyaeleza mengi kati ya haya kwa kurejeana: baka ni waa, waa ni doa, na doa ni alama. Msomaji asiyeijua lugha aweza kudhani kwamba yote ni mamoja. Sivyo. Kila moja limebeba ndani yake maelezo mafupi juu ya asili ya alama yenyewe.

Kovu hueleza jeraha lililopona. Asemaye kovu amekwisha sema kwamba palitokea ajali au ugonjwa. Chale hueleza wembe na mkono wa mganga. Nembo, katika maana yake ya zamani ya michoro ya usoni au mwilini, hueleza kabila na mila. Chapa hueleza mwenye mali aliyetia alama yake juu ya kitu au mnyama. Katika maneno haya manne yuko mtu au liko tukio lililoleta alama.

Doa na waa ni ya namna nyingine. Haya hutoka katika usemi wa nguo na vyombo: kitu kilikuwa safi, kikachafuka. Ndiyo maana yamehamia upesi katika usemi wa heshima. Mtu hutiwa doa, jina hutiwa waa, na sifa njema husemwa kuwa haina doa. Anayelitumia neno hilo kwa uso wa mtoto pengine hana nia mbaya hata kidogo. Lakini neno lenyewe limekwisha dai kwamba uso ule ungalikuwa safi, na sasa si safi.

Maneno ila, kasoro na dosari huenda mbali zaidi. Haya hayataji rangi wala umbo. Yanataja upungufu tu. Na neno kilema, ambalo pengine hutumiwa kwa alama kubwa ya usoni, hukosea kwa maana na kwa adabu, kwa kuwa alama ya ngozi kwa kawaida haimzuii mtu kuona, kusikia, kwenda wala kufanya kazi.

Baka lingaliweza kuwa neno jema kuliko yote. Ni fupi, ni la Kibantu kwa sura yake, na hutaja kipande cha ngozi chenye rangi tofauti bila ya kulaumu. Limezuiliwa na mambo mawili yasiyohusiana na ngozi. Kwanza, sauti yake ni moja na ile ya kitenzi -baka, ambacho maana yake ya siku hizi ni ya jinai mbaya sana. Pili, wazazi hupenda kulipunguza jambo kwa kiambishi ki-, kama wasemavyo kidole, kijiko na kitoto. Lakini kibaka katika Kiswahili cha leo ni mwizi mdogo wa mjini. Mama hawezi kusema kwamba mwanawe ana kibaka shavuni bila ya watu kucheka. Basi neno lililokuwa tayari kwa kazi hii limeharibiwa na majirani zake katika kamusi.

Hivyo limebaki fungu la maneno alama ya kuzaliwa. Neno alama lina asili ya Kiarabu, nalo limetumika katika mambo mengi kiasi cha kupoteza ukali wote: kuna alama za barabarani, alama za mtihani na alama za kuandikia. Sehemu ya pili, ya kuzaliwa, hutaja wakati tu. Haimtaji mzazi, haitaji kosa, haitaji kisa. Ni jina lisilo na mshitakiwa.

Lugha nyingine na lawama ya mama

Thamani ya jina hilo huonekana zaidi likilinganishwa na majina ya lugha nyingine. Katika Kiarabu, alama ya kuzaliwa huitwa waḥma, na neno hilo ni la shina moja na waḥam, yaani tamaa ya chakula ampatayo mwanamke mwenye mimba. Katika Kitaliano huitwa voglia, katika Kifaransa envie, na katika Kihispania antojo. Na maneno yote matatu maana yake ya kwanza ni tamaa au hamu. Imani iliyo nyuma ya maneno hayo ni moja: mama alitamani kitu akakikosa, au alijigusa mwilini wakati wa kukitamani, na kitu kile kikajichora katika ngozi ya mtoto. Kijerumani hakitaji tamaa, lakini husema Muttermal, yaani alama ya mama.

Imani hiyo ilikuwa na nguvu hata miongoni mwa madaktari wa Ulaya. Mwaka 1726 mwanamke mmoja wa Uingereza, Mary Toft, alidai kwamba amezaa sungura kwa sababu aliwatamani na kuwafukuza alipokuwa na mimba, na wako waganga waliomsadiki. Ilipodhihirika kwamba ni uongo, daktari James Blondel alitoa kitabu London mwaka 1727 kukanusha kwamba mawazo ya mama huweza kumtia mtoto alama tumboni. Mjadala haukuisha kwa kitabu hicho, na maneno ya lugha hizo yamebaki yakisema yale yaliyokanushwa.

Kiswahili kimechukua maneno mengi ya Kiarabu juu ya mwili, maradhi na uzazi. Lakini lile la kuunganisha alama na tamaa ya mama halikuenea katika Kiswahili sanifu. Wasemaji walichagua neno alama, wakaongeza ya kuzaliwa. Hata hivyo lisifikiriwe kwamba wasemaji wa Kiswahili hawana imani za namna hiyo. Wanazo. Mama huulizwa alikula nini, alicheka nani, alimtazama nani. Jina limekosa lawama, lakini mazungumzo huirudisha.

Swali na sarufi yake

Mazungumzo yenyewe hutokea garini, kisimani, sokoni na katika foleni ya kliniki. Mfano wa kawaida ni huu. Mama kijana ameketi, na mwanamke mzima amelitazama shavu la mtoto.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Mtoto amefanyaje?”

“Hakufanya kitu, bibi. Amezaliwa nayo.”

“Basi, Mungu akukuzie.”

Mazungumzo haya ni mafupi, lakini yanastahili kuchunguzwa neno kwa neno.

Swali amefanyaje limemfanya mtoto kuwa mtenda, ingawa kila mtu ajua kwamba mtoto wa miezi miwili hakufanya lolote. Hilo ni swali la upole. Laiti angaliuliza amepatwa na nini, mtoto angalikuwa mtendwa na msiba ungalikuwa mtenda. Angaliuliza ameungua, angalileta moto na uzembe wa jikoni. Na angaliuliza umemfanya nini, kiambishi u- kingalimweka mama mahali pa mtenda, na -m- kingalimweka mtoto mahali pa aliyedhulumiwa. Hapo swali limekuwa shitaka kamili katika neno moja. Mama aliyechoka husikia tofauti hizo mara moja, hata kama hawezi kuzieleza.

Jibu amezaliwa nayo ni kazi nzuri ya lugha. Kitenzi kiko katika hali ya kutendwa, na katika hali hiyo Kiswahili huruhusu mtenda asitajwe. Tena kirejeshi -yo humwezesha mama kuitaja alama bila ya kuipa jina. Lakini upatanisho wa ngeli hufichua jina lililo moyoni. Kama angalikuwa anafikiri baka, waa, doa au kovu, angalisema nalo. Kama kilema, angalisema nacho. Amesema nayo, kwa maana anafikiri alama. Ni kweli kwamba ila, kasoro na dosari nazo huchukua -yo. Na msikilizaji mwenye nia mbaya aweza kusikia hivyo. Katika jambo hili sarufi humlinda mama nusu tu, na nusu nyingine hutegemea sauti yake na uso wake.

Kuhusu dua ya mwisho, Mungu akukuzie, ipo tofauti na ile isemayo Mungu amkuze. Ya pili humtaja mtoto peke yake. Ya kwanza ina kitenzi katika hali ya kutendea, na mtendewa ni mama: Mungu amkuze mtoto kwa ajili yako. Kwa dua hiyo bibi amerudi kutoka katika swali. Amemhesabu mama kuwa mama kama wengine, na mtoto kuwa mtoto wa kukuzwa kama wengine.

Alama itiwayo na alama izaliwayo

Katika mwambao na visiwani, mama huweza kumpaka mtoto wake wanja usoni, ili jicho la hasidi lisimpate. Na wazee wengine hukataa kumsifu mtoto mchanga kwa sababu iyo hiyo. Hapo alama ya usoni ni ngao, na aliyeitia ni mama mwenyewe, tena hadharani. Ajabu ni kwamba mtoto aliyezaliwa na alama nyeusi pale pale hatazamwi kuwa amelindwa. Huulizwa ni nani aliyemtia. Alama yenye mtu anayejulikana haisumbui. Alama isiyo na mtu huwafanya watu wamtafute mtu.

Utafutaji huo hufuata mpango wa jamaa. Waluguru huhesabu ukoo, uitwao lukolo, kwa upande wa mama, na mtoto ni wa ukoo wa mama yake na wajomba zake. Katika mpango kama huo mtoto akizaliwa na jambo lisilo la kawaida, ni rahisi upande wa baba kusema kwamba limetoka kwa akina mama. Penye kuhesabu kwa upande wa baba, lawama haiondoki kwa mama. Hugeuka tu ikawa ya mwenendo wake wakati wa mimba. Yaani mpango wa ukoo hubadilisha hoja, haubadilishi mlaumiwa.

Ipo hata hivyo njia ya kupumua, nayo ni utani. Miongoni mwa Waluguru koo zina watani wao, na mtani ana ruhusa ya kusema hata penye kilio. Mtani aweza kusema mbele ya watu kwamba mtoto huyu aliuiba ugali ukiwa moto akaungua shavu. Watu hucheka, mama naye hucheka, na jambo lililokuwa likinong’onwa limekwisha semwa kwa sauti. Lakini dawa hiyo ina mpaka. Utani huponya kwa sababu pande zote mbili zaujua uhusiano wao. Asiye mtani akisema maneno yale yale, ni matusi.

Jina moja, vitu vingi

Ubora wa jina alama ya kuzaliwa una hasara yake. Kwa kuwa hutaja wakati tu, hukusanya vitu ambavyo tabibu huvitenga, na mzazi yapasa avijue.

Kwanza kuna mabaka ya rangi ya nili, chini ya mgongo na matakoni, yanayoonekana kwa watoto wengi sana wa Kiafrika na wa Asia. Daktari Erwin Bälz, Mjerumani aliyefanya kazi Japani, aliyaeleza mwaka 1885 na kuyaita ya Kimongolia, jina lisilofaa kwa mtoto wa Uluguru. Hayana madhara, na kwa kawaida hufifia utotoni. Hatari yake ni kudhaniwa kuwa alama za kipigo. Kwa hiyo ni vema mkunga ayaandike katika kadi ya kliniki tangu mwanzo.

Pili kuna hemanjioma, uvimbe wa mishipa midogo ya damu. Mara nyingi huanza katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa, hukua haraka kwa miezi michache, kisha husinyaa polepole kwa miaka. Huwapata zaidi wasichana na watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Mwaka 2008 daktari Christine Léauté-Labrèze na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walitangaza kwamba propranololi, dawa ya moyo iliyokuwa ikijulikana tangu zamani, huusinyaza uvimbe huo. Ulio karibu na jicho au mdomo, au wenye kidonda, hauwezi kungoja usinyae wenyewe. Mtoto apelekwe hospitali mapema.

Tatu kuna baka jekundu tambarare ambalo halisinyai, na ambalo huonekana kwa watoto wapatao 3 katika kila 1000. Juu ya ngozi nyeusi wekundu wake huweza kufichika, likaonekana kama kivuli cha zambarau. Likiwa kipajini au kopeni, mtoto hupimwa macho na huangaliwa kwa dalili za kifafa, kwa kuwa mara nyingine mishipa ya ubongo na ya jicho nayo imehusika. Mwaka 2013 wataalamu walionyesha kwamba sababu yake ni badiliko katika jeni iitwayo GNAQ, linalotokea baada ya mimba kutungwa, wala halirithiwi. Habari hii ina uzito zaidi ya uganga. Alama hiyo haikutoka katika lukolo ya mama, wala katika ukoo wa baba, wala katika chakula kilichotamaniwa. Tiba yake ni mwanga wa leza, lakini juu ya ngozi nyeusi leza hutaka mtaalamu mwangalifu, isije ikaacha alama nyingine.

Nne kuna mabaka ya kahawia na meusi. Mengi ni ya kuachwa. Lakini mtoto mwenye mabaka ya kahawia sita au zaidi, kila moja likizidi milimita 5 kwa upana, achunguzwe. Vivyo hivyo mwenye waa jeusi kubwa sana, hasa lenye nywele. Tanzania ina chuo cha kufundishia matabibu wa ngozi huko Moshi, penye hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1992, na wanafunzi wake hutoka katika nchi nyingi za Afrika.

Hapa wafasiri wana kazi ya kufanya. Baka la aina ya tatu huitwa na Waingereza kwa jina la mvinyo wa Oporto, na Wafaransa nao hulitaja kwa mvinyo. Mfasiri mwepesi angaliandika doa la mvinyo, akidhani amemaliza. Angalikuwa ametia sumu mbili katika maneno matatu. Doa humchafua mtoto. Na mvinyo humshitaki mama kwamba alikunywa pombe akiwa na mimba. Neno lililo salama Ulaya, kwa sababu watu wamelizoea, huwa lawama mpya likiletwa Bigwa. Afadhali kusema alama nyekundu isiyofifia, ingawa ni maneno marefu.

Mfano wa neno lililobadilishwa

Wako watakaosema kwamba kubadilisha neno hakubadilishi moyo. Kisa cha neno zeruzeru chatosha kujibu nusu ya hoja hiyo. Neno hilo lilikuwa la kawaida, na liliwaweka watu katika ngeli moja na vitu. Mashambulio ya kinyama dhidi ya watu hao yalipoenea katika karne hii, wenyewe na mashirika yao walidai waitwe watu wenye ualbino. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yenyewe imefuata mtindo huo kwa jina lake: kwanza mtu, kisha hali yake. Neno jipya halikumzuia muuaji. Lakini limemlazimu kila mwandishi na kila mwalimu kuanza sentensi yake kwa mtu. Hilo ni nusu ya jambo, na nusu nyingine ni kazi ya mahakama na ya malezi.

Mtoto mwenye alama ya kuzaliwa hayumo katika hatari kama ile, wala si mlemavu. Lakini kanuni ya sarufi ni ile ile. Kuna tofauti kati ya mtoto ana alama na yule mtoto wa alama. Na tofauti kubwa zaidi kati ya hayo na jina la utani Madoa, ambalo likikwisha shikwa shuleni halibanduki. Katika ana alama, mtoto ndiye mwenye mali. Katika Madoa, mali imemmeza mwenyewe.

Hitimisho

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Methali hii hutumiwa kumwonya mcheka kilema, nayo ni ya haki. Lakini haimfai mama wa mtoto mwenye alama, kwa maana hutisha kwa msiba, naye hataki mwanawe awe mfano wa msiba. Anachohitaji ni jibu fupi atakaloweza kulisema mara kumi kwa siku bila ya kuomba radhi, na bila ya kumvunjia heshima mkubwa aliyeuliza.

Jibu hilo analo. Linaweza kupimwa kwa kipimo kimoja chepesi: mtoto atakapofika umri wa kujisemea, ataweza kulirithi? Mama aliyezoea kusema ana doa atamwachia mwanawe nina doa. Aliyezoea kusema ana kasoro atamwachia nina kasoro. Na aliyejibu muda wote amezaliwa nayo, atamsikia siku moja mtoto wa miaka minne, kando ya barabara ya Kisaki, akimjibu mwenzake aliyemnyooshea kidole shavuni: nimezaliwa nayo. Kiambishi kimoja tu kimebadilika.